Mbuzi aliyekunywa kisima

Jamani ukisikia kikao cha wazazi wanauliza nani atawaandalia watoto igizo la mahafali ya la saba, angalia chini kama umedondosha shilingi. Mi niliangalia juu.

Ilikuwa mwezi wa nane, Tanga, shule yenyewe siitaji maana bado naishi jirani. Nikachagua ile hadithi ambayo kila mtu kasimuliwa na bibi yake, ya wanyama kuchimba kisima wakati wa ukame, Sungura anagoma kuchimba halafu usiku anakuja kuiba maji, mpaka Kobe anajipaka ulimbo mgongoni anamnasa. Nikaitungia nyimbo tano, wiki tatu za mazoezi chini ya mwembe. Sungura wangu, miaka 8, mistari minne tu ilimshinda kabisa.

Manyoya ya Simba tulitengeneza kwa katani. Mkonge uliletwa huku 1893 na Mjerumani mmoja, Hindorf, ikapona mimea 62 tu, na sidhani kama aliwaza iko siku itakuja kumuwasha mtoto shingo igizo zima, maana Simba wetu alijikuna mwanzo mwisho. Kobe alibeba ungo mgongoni, ulimbo wake uji mzito wa unga wa muhogo. Kisima beseni la bluu, maji ya kweli, nikalizungushia majani mabichi ya mpera lipendeze. Majani mabichi, mi huyu huyu mtu mzima na akili zangu.

Saa kumi tukaanza. Upepo wa kusi ukaingia kwenye pazia letu la kanga likavimba kama tanga la jahazi, nguzo ikang'oka, nyuma yake wakaonekana Fisi na Tembo wanagombania soda. Wimbo wa pili jenereta likazima, fundi mitambo eti mafuta, na hela ya mafuta nilimpa mwenyewe mkononi. Watoto wakaimba kwa koo zao na ndoo mbili za kupiga, na kusema kweli ikanoga kuliko spika.

Nikaanza kupumua. Ndo akaingia beberu.

Beberu wa bibi muuza maandazi, na bibi mwenyewe yuko mstari wa mbele. Akatembea taratibu kama kaitwa jina, akala majani yote, akainamisha kichwa kwenye beseni akanywa kisima mpaka chini, kamkia kanatikisika tu. Mi niko nyuma ya mwembe nafanya shh shh, watu wanapiga makofi wanajua ndo igizo.

Sungura akaja kuiba. Akachungulia beseni, akanigeukia kwa sauti ambayo mazoezini hajawahi kuitoa, "Anko, maji hamna!" Nikampungia mkono aendelee. Kobe naye kajilaza pale na uji wake wa muhogo, beberu akaanza kumlamba mgongo, ungo unatetemeka, chini yake sauti inalia "ananitekenyaaa!"

Ikafika kesi. Simba anajikuna anauliza, nani kakunywa maji yetu? Uwanja mzima ukajibu, "Mbuziiii!"

Hapo sasa yule mtoto wa mistari minne akasimama wima kama wakili. "Mheshimiwa Simba, mi nimekuta kisima kikavu, mashahidi wangu ndo hawa wote." Simba akaniangalia, mi sina hata cha kumwambia, akaamua mwenyewe: "Basi mbuzi achinjwe!"

Bibi huyo kanyanyuka, kanga kajifunga kiunoni. "Achinjwe na nani? Mmemtandikia majani, mmemtekea na maji, mmemwalika wenyewe halafu mnamhukumu!" Kapanda mpaka kwenye kisima kashika kamba ya mbuzi wake. Wapiga ndoo kuona kuna mtu kashikwa wakajua ndo zamu yao, wakaanzisha wimbo wa mwisho, mwizi kapatikana leo kapatikana, na watoto thelathini wakamsindikiza bibi na beberu mpaka getini wanakata viuno.

Mgeni rasmi alifuta machozi kwa tai. Akaniita pembeni akanipa hongera, hasa kwa yule bibi, akauliza nimemtoa kundi gani la sanaa.

Kosa langu nikaenda kumwambia bibi. Tangu siku hiyo nikinunua maandazi ya mia tano simpi elfu, maana chenji hairudi, anakata posho, yake na ya beberu.