Droni haiujui wastani wako

Juzi nimesoma utafiti kuhusu udhibiti stahimilivu wa droni, yaani namna ya kuiweka sawa hata upepo ukiisukuma. Hesabu safi, michoro ya kupendeza. Nikafika kwenye jedwali la muda nikaghadhibika. Waandishi wanasema kidhibiti chao, yaani programu inayoziamuru mota, kinafanya kazi kwa wakati halisi (jibu linafika kabla ya muda wake kupita), na ushahidi wao ni wastani wa milisekunde 2 kwenye kompyuta ya mezani. Basi.

Wastani wa nini? Ukiamuru mota mara 400 kwa sekunde, kila zamu una milisekunde 2.5. Jibu lisipofika, mota zinaendelea na amri ya zamani. Tena hesabu za kidhibiti cha namna hii hutafuta jibu kwa kurudia-rudia: hewa ikitulia marudio ni machache, upepo ukiipiga droni ubavuni yanaongezeka. Kidhibiti kinachelewa saa ileile tunapokihitaji!

Mwaka jana nilirusha ya kwangu. Ndani ya ukumbi ilitulia kama taa iliyoning'inizwa. Nje, ilipotokeza tu kwenye kona ya jengo, upepo uliibeba, ikalala upande, ikajipigiza chini. Nilipofungua kumbukumbu za safari, wastani ulikuwa milisekunde 1.9. Zamu moja ilichukua 9.4.

Kuna wanaoshauri tupige hesabu zote mapema, tuhifadhi majibu. Droni ina hali 12: mahali ilipo, kasi, mwelekeo, mzunguko, kila moja kwa namba tatu. Zigawe kila moja vipande 10 tu, unapata nukta trilioni moja. Kwa baiti 4 kila nukta, hizo ni terabaiti 4, na chipu ya STM32F405, inayotumika kwenye droni ndogo, ina flashi (hifadhi ya ndani) ya megabaiti 1. Mwanahisabati Richard Bellman aliliona tatizo hili tangu miaka ya 1950.

Wengine hushauri njia ya kuteleza (sliding mode) ya mhandisi Vadim Utkin, inayogeuza amri ghafla huku na huku: ni nyepesi kwa prosesa, ila hutetemesha mota.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba TinyMPC, programu ya udhibiti inayotafuta jibu kwa kurudia-rudia, inarusha Crazyflie, droni ndogo ya gramu 27, kwa chipu hiyohiyo ya megahezi 168. Lakini waundaji wake waliurahisisha mfumo kwanza uwe wa mstari ulionyooka, wakapiga sehemu nzito ya hesabu kabla ya kuruka, na wakasema hivyo waziwazi. Ndiyo heshima ninayoidai.

Ndugu zangu mnaoandika tasnifu, ongezeni safu moja kwenye jedwali: zamu iliyochelewa kuliko zote, na chipu iliyopimiwa. Ya kwangu nimeshaiandika, 9.4.