Hukumu ya talaka iko kiganjani, hesabu ya mirathi iko kabatini

Ukitaka kujua ndoa fulani ya Mtwara ilivunjikaje, huhitaji nauli. Kama shauri lilifika Mahakama Kuu kwa rufaa, kuna uwezekano mkubwa hukumu yake iko TanzLII, maktaba ya mtandaoni ya hukumu za mahakama zetu, ikiwa na majina kamili ya mume na mke: nani alimtuhumu mwenzake uzinzi, nani alipigwa, nyumba ilijengwa kwa fedha za nani. Unaisoma kwenye simu huku unasubiri chai. Lakini ukitaka kujua kama kaka yako mkubwa, aliyeteuliwa kusimamia mirathi ya baba yenu, amewahi kurudisha mahakamani hesabu ya shamba la mikorosho kule Newala, jiandae. Panda basi Mbagala, Dar es Salaam, fika Newala, ulizia masjala, uombe Mungu karani awepo na rejista ya mwaka huo ionekane.

Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Hukumu za Mahakama Kuu, ikiwemo Kanda ya Mtwara inayohudumia na Lindi, huwekwa wazi kwa nia njema: wananchi waone haki inavyotolewa, mawakili na mahakimu wapate rejea. Mirathi ya mkulima wa kawaida, kwa upande mwingine, huanzia na kuishia Mahakama ya Mwanzo. Huko mfumo wa kielektroniki wa kuratibu mashauri unasaidia mashauri mapya, ila mengi ya miaka ya nyuma yamo kwenye majalada ya karatasi na kichwani kwa karani. Matokeo yake, ya chumbani yamepata njia pana na ya mali ya watu wengi yamebaki kabatini. Kwa maoni yangu tumepindua. Jalada la mirathi ndilo lilipaswa kufunguka kwa urahisi, na la ndoa ndilo lilipaswa kuwa gumu. Hata hivyo wanaopinga uwazi wana hoja nzito kuliko sisi tunaoupenda tunavyokubali kukiri.

Tuanze na kilichomo ndani. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo ni za 1971, na bado fomu zake ndizo zinazoongoza kazi. Fomu Na. 4 ndiyo uteuzi wenyewe, ile karatasi yenye mhuri ambayo benki huitaka. Fomu Na. 5 ni orodha ya mali na madeni ya marehemu, nayo msimamizi anatakiwa kuirudisha ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Fomu Na. 6 ni hesabu: kilichoingia, kilichotoka, nani kapewa nini. Karatasi tatu tu. Mtu akizisoma kwa mfululizo anajua mirathi ilikwendaje. Akiona Na. 4 ipo, Na. 5 na Na. 6 hazipo, na miaka saba imepita, hapo pia amejua.

Kusini jambo hili lina uzito wake kwa sababu ya mkorosho. Nyumba ya marehemu ukiifunga inabaki nyumba. Shamba la mikorosho kila msimu linaleta fedha, na mashamba mengi hayana hati. Umiliki wake ni mipaka inayojulikana na majirani na jina lililo kwenye daftari la chama cha msingi cha ushirika. Korosho zikishapelekwa ghalani na kuuzwa mnadani, malipo huingia kwenye akaunti ya benki ya mwenye jina. Mwenye Fomu Na. 4 mkononi akibadilisha jina hilo liwe lake, mjane na wadogo zake watasikia tu kwamba "mwaka huu bei haikuwa nzuri". Mahakama zimesema mara nyingi kwamba msimamizi si mmiliki, kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Kijijini, ile karatasi yenye mhuri husomwa kama hati ya urithi, na aliyeishika hana haraka ya kuwasahihisha. Wakati huo huo muda unakimbia: madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, na mrithi anayekuja kugundua mwaka wa kumi na tatu ana mlima wa kupanda.

Kulipata jalada lenyewe ni kazi inayohitaji ujuzi ambao haufundishwi popote. Kwanza mahakama ipi? Shauri hufunguliwa marehemu alikokuwa na makazi ya kudumu, si aliko mrithi. Ndiyo maana mtoto anayeishi Mbagala anaweza kupita mbele ya kile kituo cha mahakama za masuala ya familia cha Temeke kila siku, na jalada la baba yake liko Tandahimba. Pili, mipaka imehama. Tandahimba ilikuwa sehemu ya Newala, Nanyumbu ilikuwa sehemu ya Masasi. Shauri la zamani linaweza kuwa wilaya mama. Tatu, jina. Marehemu alijulikana kijijini kwa jina moja, kadi ya chama cha msingi ina la pili, kitambulisho cha taifa kina la tatu, na rejista iliandikwa lile alilolitaja aliyefungua shauri siku ile. Nne, imani: mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya mila huenda Mahakama ya Mwanzo, lakini ya Mkristo aliyeishi nje ya mila inatakiwa ianzie juu ya hapo. Ukishapata namba ya shauri na mwaka, kazi imekwisha kwa sehemu kubwa: unaandika barua kwa hakimu mfawidhi, unaeleza wewe ni nani kwa marehemu, unaomba nakala zilizothibitishwa, unalipia kwa namba ya malipo ya serikali. Namba ndiyo inayoshinda watu. Na aliyenayo mara nyingi ni yuleyule msimamizi unayetaka kumchunguza.

Sasa upande wa pili. Nimewahi kuwasikia wazee wa Mikindani wakilipinga wazo la kufungua mirathi kwa kila mtu, na walikuwa na sababu. Orodha ya mali ya marehemu ikisomwa na yeyote, ni mwaliko. Watajitokeza wadai ambao marehemu hakuwahi kuwakopa, na vishoka wenye mikataba ya kununua shamba iliyosainiwa na mtu ambaye hawezi tena kuulizwa. Mjane aliyebaki peke yake kwenye nyumba kule Liwale, akiwa ameandikwa kwenye Fomu Na. 5 kwamba ana fedha kiasi fulani benki, hana ulinzi wowote dhidi ya aliyesoma. Makarani nao wana lao: jalada likipita mikono mingi linarudi likiwa na kurasa pungufu. Ukurasa ulionyofolewa ndio mara nyingi uliokuwa na saini.

Hoja hizi sizipuuzi. Nazikubali mpaka kwenye jalada zima, sizikubali kwenye zile karatasi tatu. Hatari ya vishoka ipo leo, jalada likiwa limefungwa, kwa sababu kishoka halihitaji; anamhitaji msimamizi mmoja mwenye tamaa. Wanaozuiwa na kabati ni wajukuu, wajane na watoto wa kike walioolewa mbali. Na mnunuzi wa nia njema naye yumo. Mtu anauziwa shamba la mikorosho na "mwenye mirathi", analipa, anapulizia dawa misimu miwili, kisha warithi wanafika na hukumu. Angeweza kuomba kuona kama shamba lile limo kwenye Fomu Na. 5 na limegawiwa kwa nani kwenye Fomu Na. 6, asingeingia. Kuhusu kurasa kunyofolewa, dawa si kulificha jalada. Toa nakala, jalada lisitoke masjala.

Liko jambo jingine ambalo wanasheria wa Dar es Salaam hulisahau. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na neno lake kwenye mali na watoto. Tangazo la sheria za mila la 1963 liliandikwa kwa kufuata makabila ya ukoo wa baba. Kwa hiyo hakimu wa Nachingwea au Ruangwa, akikutana na familia inayosema "sisi tunafuata mila", hana kitabu cha kufungua, anasikiliza wazee. Na kwa kuwa familia nyingi za huku ni za Kiislamu, ugomvi wa kwanza huwa ni huo: tugawe kwa sheria ya Kiislamu au kwa mila? Majibu yaliyotolewa miaka yote hiyo yamo kwenye majalada ya Mahakama za Mwanzo. Yakiozea huko, au yakiungua kama yalivyoungua majengo ya umma wakati wa vurugu za kupinga bomba la gesi la Mtwara za 2013, hakuna sehemu nyingine ya kuyasoma. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya 2002 inaruhusu nyaraka za umma kufunguliwa baada ya miaka 30. Kwa mtafiti, huo ni muda unaovumilika. Kwa mrithi, ni kizazi kizima.

Tugeukie ndoa, ambako msimamo wangu unageuka. Kabla ya kufungua shauri la talaka, Sheria ya Ndoa ya 1971 inawataka wanandoa wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi, liwe la kata, la BAKWATA au la kanisa, isipokuwa kwa sababu chache za pekee. Kwa hiyo hata kabla ya mahakama, ukatili, ugumba, maradhi na fedha vimeshasemwa mbele ya watu. Mahakamani vinasemwa tena na kuandikwa. Katika mji mdogo kama Kilwa Masoko, jina moja linatosha kuwatambulisha watoto shuleni. Taarifa za mtoto mwenyewe sheria inazilinda, na tangu 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, lakini hukumu ya talaka yenye jina la mama haiachi fumbo kuhusu mtoto ni nani.

Anayetetea uwazi atanikumbusha shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, na atakuwa na haki. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Maneno hayo yamewasaidia wanawake wengi sana, wakiwemo waliopanda mikorosho kwa mikono yao kwenye shamba lililoandikwa jina la mume, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo alioudai. Hukumu ile ingefichwa, tungekuwa wapi? Lakini jibu limo ndani ya swali. Kilichowasaidia ni sababu za mahakama. Majina yangekuwa herufi mbili tu, uzito wake ungekuwa uleule. Kenya hukumu nyingi za familia huchapishwa kwa herufi za kwanza za majina, na wakati huohuo matangazo ya mirathi yanatoka kwenye Gazeti Rasmi la serikali kwa majina kamili ili mwenye pingamizi aje. Jimbo la New York, Marekani, liko karibu na ninachokisema hapa: katika kila kaunti jalada la talaka huonwa na wadaawa na mawakili wao au kwa amri ya mahakama, ilhali jalada la mirathi kwa kawaida ni la umma.

Ubaya wa kulifunga la ndoa ni kwamba wapo watu wa nje wenye sababu halali ya kuuliza. Mwanamke anayeposwa na mwanamume aliyewahi kuoa ndoa ya mke mmoja ana haki ya kujua kama ile ya kwanza ilivunjwa kweli. Mnunuzi wa nyumba vilevile. Ila hao wanahitaji matokeo: amri ya talaka, tarehe na mahakama. Hawahitaji mwenendo wa shauri. Talaka ikisajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, hati inatosha kujibu swali lao bila kumvua mtu nguo. Tatizo la huku ni kwamba talaka nyingi hazifiki mahakamani kabisa. Mume anaandika karatasi, anampa mkewe, na kwao wamemaliza. Ukilitafuta jalada hulioni, nawe huwezi kusema kwa hilo peke yake kwamba wameachana au kwamba bado ni wanandoa. Umejua tu kwamba hakuna aliyekwenda kortini. Mwanamke akija miaka mitano baadaye kudai sehemu yake ya shamba, ndipo kukosekana kwa karatasi moja kunapomgharimu.

Ningetaka, basi, rejista ya mirathi ya kila Mahakama ya Mwanzo iweze kutafutwa kwa jina la marehemu na kijiji, na nakala za Fomu Na. 4, 5 na 6 apewe anayeomba na kulipia, akaunti za benki zikiwa zimefunikwa. Muhtasari wa kikao cha ukoo na ushahidi vibaki kwa wenye maslahi. Hukumu za ndoa ziendelee kuchapishwa, majina yawe herufi. Karani atasema kazi imeongezeka, na kwa mahakama yenye karani mmoja anayepiga chapa, kupokea watu na kutunza rejista, hasemi uongo.

Kesi ngumu kuliko zote ni ya mtoto wa nje ya ndoa. Katika sheria ya Kiislamu hamrithi baba yake. Katika mila za upande wa mama huenda hata hategemei kurithi upande wa baba. Leo akienda masjala kuomba kuona jalada, ataulizwa yeye ni nani kwa marehemu, na jibu lake linaweza kuwa ndilo familia nzima inalolikataa. Ukimtaka athibitishe kwanza, umeshamkatia shauri pale dirishani, bila hakimu. Zile karatasi tatu zikiwa wazi, hana haja ya kujieleza kwa karani. Akishaziona ndipo ataamua kama ana cha kupeleka mbele ya hakimu.