Gundi Inayoshika Penye Damu

Madaktari wapasuaji wakisikia habari za gundi iliyobuniwa kwa kuiga viumbe vya baharini, wengi huuliza kama inaweza kushika sawasawa na uzi. Swali ni halali, lakini linaichukulia gundi kuwa mbadala wa uzi, ilhali faida yake kubwa iko pale ambapo uzi wenyewe humshinda daktari.

Chukua ini lililopasuka. Nyama yake ni laini na imejaa damu, hivyo kila tundu la sindano huwa mahali papya pa kuvuja, na uzi ukikazwa zaidi huikata nyama uliyokusudiwa kuishikilia. Gundi za zamani nazo hazitoshi: ile ya faibrini, protini ya kugandisha damu, hushika kwa udhaifu penye majimaji, na ile ya sianoakrilati, kemikali ya gundi kali za dukani, hukauka ikawa ngumu mahali panapohitaji kunyumbulika.

Kome hujishikiza kwenye mwamba uliolowa kwa protini zenye asidi amino iitwayo dopa, na viumbe vidogo vya magamba vinavyoganda kwenye matumbo ya meli hutanguliza mafuta yanayofukuza maji kabla ya protini kushika. Mwaka 2021 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliiga mbinu hiyo ya pili kwa kuchanganya chembe za kunata na mafuta. Uji huo mzito ulipokandamizwa juu ya jeraha la panya na nguruwe, mafuta yaliisukuma damu kando, na damu ikaacha kutoka ndani ya sekunde 15 hivi. Ulifanya kazi hata kwa nguruwe waliopewa heparini, dawa inayozuia damu kuganda. Yaani gundi haikungoja mwili uanze kujisaidia. Kwa majeruhi ambaye damu yake imekwisha kupoteza uwezo wa kuganda, hilo ni jambo zito mno kupuuzwa.

Wanaotahadharisha wana hoja. Uzi hukaguliwa fundo kwa fundo, wakati gundi inaweza kufunika uvujaji au kufungia vijidudu ndani. Gundi nyingine huvimba zikinyonya maji na kubana mishipa. Na nguruwe hawezi kutueleza mwili wa mtu utakuwaje baada ya miaka mitano. Hata hivyo, hoja hizo zinatudai mpangilio wa majaribio, wala si sababu ya kuikataa gundi. Ini litangulie, maana hapo uzi hushindwa waziwazi. Utumbo, ambao hushoneka vizuri na uvujaji wake huweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, upakwe gundi juu ya mshono kwanza, kabla ya yeyote kufikiria kuuacha uzi.