Aanze au Asianze? Malalamiko ya Kinyozi wa Chang'ombe

Mimi ni kinyozi, na ninaomba ieleweke tangu mwanzo kwamba hakuna klabu iliyowahi kuniajiri kupanga kikosi. Hata hivyo, kila inapokaribia mechi ya Simba na Yanga, hakuna mteja anayekaa kwenye kiti changu hapa Chang'ombe akaniambia anavyotaka kunyolewa kabla hajaniuliza kama fulani aanze au asianze. Fulani huyo hubadilika jina kila baada ya misimu kadhaa, lakini tabia yake ni ileile: amepewa kipaji cha kutosha watu watatu, na siku anayoamua kucheza hakuna beki wa kumzuia. Tatizo ni kwamba siku hiyo huijua yeye peke yake. Kocha haambiwi, wenzake hawaambiwi, na sidhani kama hata miguu yake hupewa taarifa mapema.

Mimi ni Yanga kwa kurithi kutoka kwa baba yangu. Mke wangu ni Simba kwa kurithi kutoka kwa baba yake, jambo ambalo mshenga hakulitaja hata mara moja wakati wa posa, ingawa alitaja mambo mengine mengi yasiyokuwa na umuhimu wowote. Tumeishi kwa amani, isipokuwa tarehe 8 Machi. Kwa watu wengine hiyo ni Siku ya Wanawake Duniani na basi. Kwangu ni tarehe ambayo waliopanga ratiba ya ligi wamekwisha kunitegea zaidi ya mara moja.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2015. Simba walikuwa na Emmanuel Okwi, yule Mganda ambaye msimu uliotangulia alikuwa kwetu Jangwani, akarudi zake Msimbazi. Kwa kuwa nilikuwa nimemtazama akiwa kwetu, nilijiona mtaalamu wake, nikawatangazia wateja kwamba Simba wakimwanzisha Okwi watakuwa wameamua kwa hiari yao kucheza pungufu, kwa sababu nazijua siku zake za kucheza na siku zake za kutembea. Basi kipindi cha pili akamwona kipa wetu ametoka kidogo langoni, akapiga mpira kutoka mbali, ukapita juu, ukaingia. Moja kwa bila. Jioni ile mke wangu hakusema neno lolote la kejeli, na huko kunyamaza ndiko kulikoniumiza. Alinyoosha mkono tu, nikatoa fedha ya doti ya kitenge, kwa kuwa ilikuwa siku yao na timu yao vilevile.

Kuanzia hapo nikajiwekea sheria: mtu wa vipaji asianze mechi kubwa. Awekwe benchi, atazame wenzake wakitoka jasho, kisha aingie dakika ishirini za mwisho wakati mabeki wamechoka na viatu vimekuwa vizito. Sheria hiyo niliitetea kwa miaka mitano bila kuyumba, na niseme kweli kwamba ni sheria nzuri sana, isipokuwa haijawahi kufanya kazi.

Januari 2020 Yanga wakamleta Bernard Morrison kutoka Ghana. Ilikuwa muda mfupi tu baada ya ile sare ya 2-2 ya tarehe 4 Januari, tulipotangulia kufungwa mawili tukayarudisha, kwa hiyo mioyo yetu ilikuwa na njaa. Huyu bwana hakucheza mpira kama watu wengine. Aliweza kusimama juu ya mpira kama mtu aliyepanda stuli kubadilisha balbu, akatazama huku na huku, kisha akashuka na kuendelea na shughuli. Vijana walianguka kwa kicheko na mapenzi. Mimi nilitingisha kichwa, kwa sababu mtu anayepanda juu ya mpira leo, kesho atapanda juu ya kichwa cha kocha.

Ikatangazwa mechi ya Machi. Nikatazama kalenda, nikakuta ni Jumapili tarehe 8, nikakaa chini.

Wiki nzima ile sikunyoa, nilihutubia. Hoja yangu ilikuwa ya kiufundi na ningependa itendewe haki. Nilisema kwamba winga asiyerudi kukaba humwacha beki wake wa pembeni yatima, na kwamba Simba walikuwa na mabeki wa pembeni kama Shomari Kapombe na Mohamed Hussein Tshabalala, ambao kupanda mbele kwao si ombi, ni desturi. Sasa akipanda mmoja wao na Morrison amebaki mbele akitengeneza soksi, nani atamzuia? Mzee mmoja mwenye ndevu za hina, ambaye huja kwangu kila Ijumaa kabla ya swala na hajawahi kukubaliana nami hata kuhusu bei, akasema, "Mwanangu, umeitazama mechi hiyo kwa upande mmoja. Huyo beki wa Simba akijua Morrison yuko nyuma yake, hapandi." Nikamwambia hiyo ni nadharia. Akasema na yangu ni nadharia, tofauti ni kwamba yake haina wembe mkononi.

Nyumbani nako mke wangu alisikiliza hotuba yote huku akichambua mchele, kisha akasema, "Muanzisheni, Baba Watoto." Nikaingiwa na shaka. Shabiki wa Simba anayeishauri Yanga imwanzishe mtu ana lake moyoni. Usiku nililala nikiipindua sentensi ile: anataka aanze kwa sababu anajua ataharibu, au anasema aanze ili mimi niseme asianze, kwa kuwa anaogopa akianza? Hadi kunakucha nilikuwa nimebadili kikosi mara nne na sijapata usingizi, ilhali kocha mwenyewe, Mbelgiji Luc Eymael, bila shaka alikuwa amelala fofofo.

Alimwanzisha.

Hapa lazima nieleze jiografia. Kibanda changu hakiko mbali na Uwanja wa Taifa, kama ulivyokuwa ukiitwa wakati ule, na king'amuzi changu huchelewesha picha kwa sekunde kadhaa. Maana yake ni kwamba siku ya mechi kubwa mimi husikia goli kwa masikio kabla sijaliona kwa macho, na katika sekunde hizo sijui limefungwa na nani, kwa kuwa kelele za watu elfu sitini hazina rangi. Ni mateso ambayo simtakii hata shabiki wa Simba, ingawa kuna mmoja nyumbani ambaye ningependa ayaonje.

Ilikuwa dakika ya 44. Tumepata mpira wa adhabu nje ya boksi. Kwenye luninga naona Morrison anauweka mpira chini, anaupapasa, anarudi nyuma. Nikasimama, mashine mkononi, nikapaza sauti mbele ya wateja sita na mtoto mmoja aliyeletwa kunyolewa upara: "Asipige huyo! Jamani, mwondoeni huyo, atatuchezea hapo!" Kabla sijafunga mdomo, uwanja ukalipuka. Kwenye luninga Morrison bado hajaanza hata kukimbia. Nikabaki nimeinua mkono hewani, nikijua kwamba kuna jambo limekwisha kutokea duniani ambalo halijanifikia. Kisha picha ikaja: akapiga, ukapita ukuta, Aishi Manula akaruka bila kuufikia, wavu ukatikisika. Wateja wakanirukia kwa furaha. Katika kurukiwa huko mashine ilipita kwenye sharubu za kijana aliyekuwa kitini, ikachukua upande wa kushoto wote. Alikuwa Yanga, kwa hiyo alisamehe hadi mapumziko.

Mechi ikaisha 1-0. Mzee wa hina alinitazama tu. Mke wangu alipokea kipigo kwa heshima, lakini alinikumbusha kwamba Siku ya Wanawake haifutwi na matokeo, na kitenge nikanunua vilevile. Nilipomuuliza kwa nini alitaka aanze, alijibu kwamba alisema vile ili niache kuongea, maana mchele ulikuwa na mawe na mimi nilikuwa namchanganya.

Siku chache baadaye ligi ikasimamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na haikurejea hadi Juni. Ukitaka goli likue, lifunge kisha uzuie mpira kwa miezi mitatu. Machi lilipigwa hatua chache kutoka kwenye boksi. Aprili nikasikia kwenye benchi langu kwamba lilipigwa meta thelathini. Mwezi Mei kuna mtu aliapa kwamba Morrison alikuwa amegeukia upande mwingine. Na mimi, nakiri, nilianza kuamini kwamba niliyepaza sauti kusema "asipige" alikuwa mtu mwingine aliyeingia dukani kwa makosa. Nikaifuta sheria yangu, nikaandika mpya: mtu wa vipaji aanze, kila mechi, hata akiwa na homa.

Basi ikaja nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, tarehe 12 Julai, uwanja uleule, timu zilezile. Safari hii maneno yalikuwa mengi kuliko mpira. Klabu ilisema Morrison ameongeza mkataba wa miaka miwili; mwenyewe alisema anaoujua ni ule wa miezi sita. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza kama mchezaji ambaye hakubaliani na waajiri wake hata kuhusu tarehe ya kuondoka anafaa kuanza dhidi ya Simba. Mimi sikujiuliza. Nilisimama mlangoni kwangu nikatangaza kwamba kocha atakayemweka Morrison benchi arudishwe kwao kwa gharama za wanachama. Mzee wa hina akasema safari hii yeye asingemwanzisha, kwa kuwa kipaji kilichokasirika ni sawa na pasi ya mkaa, hujui utaishika wapi. Nikamjibu kwamba wazee wanapenda methali kwa sababu hawana takwimu. Sikuwa na takwimu pia, lakini nilikuwa na sauti.

Morrison akaanza. Alizunguka, alilalamika, alitazama jukwaani. Simba wakatufunga kama watu wanaopakia magunia kwenye lori. Kocha akamtoa. Mchezaji akitolewa huenda benchi, hujifunika taulo, hunywa maji, hununa kistaarabu. Yeye alipita benchi, akaendelea kutembea, akatoka uwanjani kabisa na kwenda zake mechi ikiwa bado inaendelea. Nilikuwa nimeshuhudia wateja wakiondoka katikati ya kunyolewa kwa sababu ya moshi wa jirani, lakini hilo la Morrison lilinishinda. Feisal Salum alitufungia moja la kufutia machozi. Ikaisha 4-1.

Mwezi uliofuata akasaini Simba. Nasema tena kwa wale ambao hawakuwapo: Simba. Mke wangu, ambaye kwa miezi mitano nilikuwa nikimwonyesha video ya goli lile asubuhi na jioni, sasa aliniomba nimwonyeshe tena, akisema anataka kumjua vizuri mchezaji wake mpya. Na mwaka 2022 akarudi Yanga, na sisi tukampokea, na mimi nilikuwapo kati ya waliompokea, na kama kuna mtu ana swali kuhusu hilo namwomba asiniulize.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii. Mwaka 2015 nilisema anayeanzishwa na wapinzani ataharibu, akafunga. Machi 2020 nilisema wa kwetu asianze, akaanza, akafunga. Julai nilisema aanze, akaanza, akaenda nyumbani. Kuna wateja wa Simba ambao sasa huja kunyolewa wiki ya mechi kwa kusudi la kusikia maoni yangu tu, ili wakalale kwa amani. Mmoja hana hata nywele.

Ungetegemea mtu aliyepitia hayo aachwe apumzike. Lakini mwaka 2024 Clatous Chama, Mzambia ambaye mke wangu alimpenda kwa miaka mingi kuliko nilivyoona ni lazima, akahama kutoka Simba kuja kwetu. Mguu wa dhahabu, jicho la kuona pasi ambayo hata aliyepewa hajaiona, na siku nyingine anacheza kana kwamba yuko ufukweni na maji yamekupwa. Akawa anaanza, anakaa benchi, anaanza, anakaa. Ratiba ikatoka. Sikutazama kalenda, mke wangu ndiye aliyenijulisha kwamba mechi ni tarehe 8 Machi 2025.

"Muanzisheni," akasema, akichambua mchele.

Nilikataa kujibu. Asubuhi ya siku ile kibanda kilijaa, na kila mmoja alikuwa na kikosi chake. Mzee wa hina alikuwa upande wa benchi: Chama aingie kipindi cha pili. Mimi nilikuwa nimeapa kunyamaza, na nilinyamaza hadi saa nne na nusu hivi, kisha uzalendo ukanishinda nikapanda juu ya stuli ili nisikike, nikafungua mdomo kutoa uamuzi. Wakati huohuo simu zikaanza kulia. Simba walikuwa wamezuiwa usiku uliopita kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi, wakasema hawachezi, na ugomvi wa kanuni ukapanda hadi mechi ikaahirishwa siku hiyohiyo. Timu yetu ilikwenda uwanjani vilevile, ikakuta nyasi.

Jioni mke wangu alinyoosha mkono. Nikamweleza kwamba hakuna aliyefunga, hakuna aliyefungwa, hakuna hata aliyeanza. Akasema wenyeji wa mechi walikuwa Yanga, na mgeni akikosa kula, mwenye nyumba ndiye anayeona aibu. Nikatoa fedha ya kitenge.

Kesho yake nimefungua kibanda, kijana yuleyule wa sharubu za mwaka 2020 akakaa kitini, akajifunika kitambaa mwenyewe, akanitazama kwenye kioo. "Fundi," akasema, "hiyo mechi ikipangwa tena, Chama aanze?" Nikamwambia atulie, asitingishe kichwa, maana safari hii nilikuwa nimeanzia upande wa kulia.