Wapemba hawajalala, na sisi wa mwisho wa reli tunyamaze kidogo

Kuna kijana wa hapa Ujiji karudi kutoka Pemba juzi, na tangu arudi barazani hakukaliki. Alikwenda harusini, akakaa kijijini upande wa Wete, na taarifa aliyotuletea ni hii: "Kule hakuna kitu, wazee wangu. Vijana wamelala, wanangoja karafuu." Wazee wakacheka. Mmoja akadakia kwamba Mpemba akisikia mikarafuu imebeba anakopa mpaka kanzu ya mwakani. Wakacheka tena, kahawa ikazunguka.

Mimi sikucheka. Maneno hayo nayajua, ndiyo wanayotusema sisi watu wa Dar wakishashuka stesheni ya Kigoma na kukaa siku mbili: hawa wamelala, wanangoja dagaa. Sasa mtu aliyesimangwa hivyo tangu utoto anapata wapi uso wa kumpakulia mwenzake simango lile lile?

Pemba nami nimefika, nina shemeji huko. Ni kweli, ukifika nje ya msimu utawakuta vijana vibarazani, simu mkononi, mchana kutwa. Fika msimu basi. Mkarafuu unakwenda juu mita kumi na zaidi, na mchumaji anaupanda asubuhi na mapema, analivuta tawi taratibu lisikatike, anachuma vikiwa bado vitumba, maana ua likishafunguka thamani imekwenda. Usiku nyumba nzima, bibi mpaka mjukuu, wanakaa kuchambua: karafuu huku, makonyo, vile vikonyo vyake, kule. Asubuhi zinaanikwa majamvini, na hapo ndipo kazi ya kukimbizana na mvua inapoanza, anua, anika, anua, anika, siku nne tano kama jua ni la kuaminika. Kilo tatu hivi za mbichi zinakupa kilo moja kavu. Na kuna wanaoanguka, wengine hawainuki tena. Hao ndio waliolala.

Halafu mkarafuu una tabia yake: hauzai sawa kila mwaka. Mwaka mmoja neema, mabati mapya, harusi tatu kwa wiki. Ukifuata mwaka wa ukame wa mti wenyewe, duka la kijijini linaandika madeni mpaka daftari linajaa. Sisi tulionjeshwa hilo mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti samaki wapumzike. Miezi mitatu tu! Nani amesahau Kibirizi na Katonga zilivyokuwa? Mitumbwi imepinduliwa, akina mama wa dagaa wanazungusha vitu vya mkopo, vijana wamekaa kwenye mchanga. Angepita mgeni wakati ule angeandika kwamba watu wa Kigoma ni wavivu, na angekuwa na picha za kuthibitisha.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, na sitoki hapo. Ukitaka kujua kijiji kina kesho au hakina, usihesabu miti yake wala usiangalie magunia siku ya mizani. Uliza, mavuno yakishaondoka, inabaki kazi gani? Pale kwa shemeji jibu ni jepesi: hakuna. Karafuu inakauka, inaingia guniani, inapelekwa kituo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, inapimwa, hela inatolewa, gari linaondoka. Ladha, harufu, mafuta, dawa ya meno, na sigara za kretek za Waindonesia, vyote vinatengenezwa na watu wengine mahali pengine. Makonyo angalau yana kile kiwanda cha kukamua mafuta cha Wawi, Chake Chake. Kimoja. Kwa kisiwa chenye watu zaidi ya laki tano.

Na kejeli ya kejeli: mgeni akitaka kuonyeshwa viungo anapelekwa Kizimbani, Unguja, anapakwa rangi ya mzingifuri, anavishwa kofia ya makuti, anarudi hotelini ameijua karafuu. Karafuu yenyewe kwa wingi inatoka Pemba, tangu kimbunga cha 1872 kiing'oe mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama. Sifa ikabaki kule kule mjini. Lakini nani mimi wa kucheka, wakati Ujiji tunaishi kwa kuwaonyesha wageni mahali Wazungu wawili walipopeana mkono mwaka 1871?

Najua wapo watakaosema mchawi ni ZSTC, mnunuzi mmoja, mwachie mkulima auze anakotaka. Nilikuwa nakubali kirahisi, mpaka nikaangalia kwetu. Mawese yetu hayana mnunuzi mmoja. Yana wanunuzi kama kumbikumbi. Chikichi ikiiva kwa wingi dalali anakuja na madumu yake na bei yake, na mkulima mwenye karo ya mtoto hana ubavu wa kungoja. Mpemba, nakiri kwa shingo upande, anajua bei kabla hajapanda mti. Kwa misimu kadhaa daraja la kwanza lilikaa kwenye shilingi 14,000 kwa kilo. Mtu wa Simbo au Kalinzi angeipenda sana bahati hiyo. Ila yeye huru na yule aliyefungwa kwenye mizani moja wote wanakutana pale pale: mali imeondoka, mikono imebaki mitupu. Mise yetu, zile kokwa za chikichi, inakwenda kuwa sabuni ya watu, kisha tunainunua dukani Mwanga kipande kwa kipande.

Wanawake wa Pemba wana mwani, na bei ya mwani haimjengi mtu. Wavuvi wanakwenda dago, kambi za uvuvi mbali na kwao. Wengine Tanga, Mombasa, Maskati. Wa kwetu wanakwenda Kariakoo. Tofauti iko wapi?

Jambo lingine ambalo vijana wa barazani hawalifikirii, na hapa sifanyi mzaha. Misafara ile tunayojivunia, iliyotoka huku ikapita Tabora mpaka Bagamoyo, haikubeba pembe za ndovu peke yake. Ilibeba watu. Wengine walivushwa bahari na kuingizwa mashambani, na wapo waliopanda na kuchuma mikarafuu mpaka utumwa ulipofutwa kisheria visiwani mwaka 1897. Wamanyema wa ng'ambo ya ziwa na wengine wa pande hizi hawakurudi. Kwa hiyo unapokaa Ujiji na kusema Wapemba wamelala, ujue unaweza kuwa unamsema mjukuu wa babu yako, chini ya mti alioupanda babu yako.

Na tuache zile ngano zetu. Kila mkutano wa hadhara Kigoma lazima mtu asimame aseme Malaysia walichukua mbegu ya michikichi hapa kwetu. Michikichi ya kwao ilianzia na miche minne iliyofikishwa Bogor, kisiwa cha Java, mwaka 1848, na inajulikana kwa asili ya Afrika Magharibi. Hata ingekuwa yetu, basi Wamaluku, watu wa visiwa vya Maluku kule Indonesia, nao wamdai Mpemba karafuu, kwa maana ni mti wa kwao! Indonesia iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa Zanzibar ilirudi kupanda yake mpaka ikajitosheleza, na bei ya karafuu ya Pemba ikaporomoka. Asili ya mbegu haikumsaidia wala kumzuia mtu hapo. Waliokuwa na viwanda waliendelea.

Sasa hivi TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Kigoma, wanazalisha miche ya michikichi aina ya Tenera, mizuri, inayozaa mapema na mafuta mengi kuliko michikichi yetu ya zamani. Naipongeza. Nataka tu kiongozi atakayekuja tena kugawa miche mbele ya kamera aulizwe kiwanda cha kukamua mise kitajengwa kata gani na kitaajiri wangapi. Akienda Wete kugawa miche ya mikarafuu, shemeji yangu amuulize hilo hilo. Na yule kijana wetu wa barazani, kama alikaa kijijini muda wote ule wa harusi, atuambie alimsaidia nani kuanika.