Tokeni iliyochakaa ndiyo ya kununua

Wakusanyaji wengi wa tokeni za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, yaani visarafu vya watu binafsi vilivyotumika badala ya senti, hukimbilia zinazong'aa, au zile chache zilizopigwa kwa madini ya fedha. Sikubaliani nao hata kidogo. Ukitaka tokeni yenye historia, nunua ya shaba, iliyotolewa na mwenye duka, tena iliyosuguliwa na mikono ya watu.

Mwaka 1862 vita vilipopamba moto, watu walificha dhahabu, wakaficha fedha, mwisho hata senti zikapotea. Maduka yakakosa chenji. Watu wakalipana kwa stempu za posta, zikawa zinachanika na kunatana. John Gault alizifunga ndani ya vikasha vya shaba ya manjano vyenye kidirisha cha ulanga (madini yanayopitisha mwanga), akauza mgongo wa kikasha kwa matangazo. Werevu mkubwa, ila vikasha vyenyewe viliongeza gharama juu ya bei ya stempu.

Ndipo wenye maduka walipojitengenezea senti zao, zenye ukubwa uleule wa senti ya serikali na jina la duka. Mji wa Cincinnati ulizitoa kwa wingi mno. Nyingine, ukizishika karibu na taa, zimeandikwa ONE CENT (senti moja) kwa herufi kubwa, na juu yake kijineno NOT (si), kidogo kiasi kwamba mnunuzi mwenye haraka hakioni. Mtoaji alijilinda hivyo asishtakiwe kwa kughushi.

Mjini New York, mwenye baa Gustavus Lindenmueller alitoa zaidi ya milioni moja. Reli ya Third Avenue ilizipokea kama nauli, na ilipomtaka azibadilishe kwa pesa halali, akakataa. Hasara hiyo iliwezekana kwa sababu tokeni zile zilikuwa pesa kweli: zilipita mfukoni, kaunta hadi kwa kondakta. Za fedha hazikupita popote. Zilipigwa makusudi kwa ajili ya wakusanyaji wa wakati uleule, kwa kutumia mihuri ileile, na kwangu hizo ni mapambo tu.

Sheria ya Aprili 22, 1864 ilizipiga marufuku, na senti mpya ya shaba nyeusi, nyepesi kuliko ya zamani, ikajaza pengo. Kwa hiyo uchakavu unaouona ni wa miaka michache tu ya matumizi makali. Muuzaji akikuambia ameisafisha ikang'aa, mrudishie.