Barua za Jenerali Erskine kwa mkewe

Jenerali George Erskine alifika Kenya Juni 1953 kuongoza majeshi ya Uingereza dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau. Alikuja na barua ya Waziri Mkuu wa Uingereza, Winston Churchill, akaiweka ndani ya kikasha cha miwani. Barua ile ilimruhusu kutangaza utawala wa kijeshi akiona inafaa. Walowezi wa Kizungu wakimjia juu, alikuwa akikifungua na kukifunga kikasha mbele yao. Walijua kilichomo.

Lakini barua zinazoninyima raha mimi ni nyingine, zile alizomwandikia mkewe. Zimehifadhiwa London, katika Imperial War Museum. Humo jenerali anajimwaga kama mume yeyote aliye mbali na nyumbani. Anamwambia mkewe kwamba anawachukia walowezi wa Kenya wote, tena anawatukana. Wako wanaozitaja barua hizo kuonyesha kwamba Erskine alikuwa mtu mwema, askari mnyoofu aliyetupwa katikati ya watu wabaya.

Siwezi kukubali. Kumchukia mlowezi si kumpenda Mkikuyu.

Ni kweli, mwezi ule ule aliofika aliwaonya askari wake kwamba hatavumilia utovu wa nidhamu wala kuonea watu. Afisa mmoja wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, Kapteni Griffiths, alifikishwa mahakama ya kijeshi, na mwaka 1954 akafungwa. Na Desemba 1953 Erskine aliiandikia London akikiri kwamba watu walikuwa wamepigwa risasi ovyo na wafungwa kupigwa ili waseme. Basi alijua. Hapo ndipo hoja yangu ilipo: alijua mwaka 1953, na 1954 akaendelea.

Alfajiri ya Aprili 24, 1954 Nairobi ilizingirwa. Operesheni Anvil, askari na polisi wapatao 25,000. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani, wakapangwa mstari, wakapitishwa mbele ya mtoa habari aliyefunikwa gunia toka kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Watoa habari hao Wakikuyu wakawaita gakūnia, yaani kigunia. Gunia likitikisa kichwa namna moja, baba wa watu anapanda lori kwenda kambi ya Lang'ata, kisha kambi za kizuizini za Manyani au Mackinnon Road. Wanaume zaidi ya 20,000 walikwenda hivyo. Wake na watoto walirudishwa rizavu, maeneo ya mashambani waliyotengewa na wakoloni, na wengi hawakujua mzee wao amepelekwa wapi. Nani aliwaletea barua hao?

Juni mwaka huo Baraza la Vita, Erskine akiwa mmoja wa wajumbe wake, likaamua watu wahamishiwe kwenye vijiji vya lazima. Zaidi ya watu milioni moja walitolewa kwenye nyumba zao, na nyingi zikachomwa. Wanawake ndio waliochimba mahandaki ya kuvizunguka vijiji hivyo, ndani yake vikasimikwa vijiti vilivyochongwa ncha. Jembe mkononi, mtoto mgongoni, mlinzi nyuma.

Kazi ya jenerali haikuharibika. Kabla ya Kenya aliongoza majeshi ya Uingereza Misri, na Januari 1952 askari wake waliishambulia kambi ya polisi Ismailia, polisi wa Kimisri wapatao 50 wakafa. Kenya aliondoka 1955, akapewa kamandi kwao Uingereza, na kuanzia 1958 hadi 1963 akawa Luteni Gavana wa kisiwa cha Jersey.

Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 wa Kenya walioteswa wakati ule, jumla pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Simulizi zao ziliandikwa kwa sababu walikuwa na wakili. Wengine wengi hawajaulizwa na mtu. Mtoto aliyekuwa na miaka sita wakati baba yake anapandishwa lori amekwisha kuvuka sabini, na huenda anaota jua nje ya nyumba yenu huko Nyeri au Murang'a. Simu unayoisomea haya inarekodi sauti. Kaa naye chini, umuulize mama yake alisema nini jioni ile.